Mashine ya wembe ya mtumba: inavuta, inakata, haikazi

Jumamosi moja shemeji yangu alifika nyumbani na kipande cha karatasi kimeganda kidevuni, kingine chini ya sikio. Mkononi kashika mashine ya wembe ya chuma aliyoipata kwenye meza ya vikorokoro vya mtumba, katikati ya miwani isiyo na vioo na saa zilizokata roho. "Shemeji," akaniambia, "mwenye nayo hakuiuza bure." Nikaipeleka dirishani, nikaishika usawa wa jicho na kuitazama kwa ubavuni. Upande mmoja wembe umetokeza kama ulimi wa mbwa mwenye kiu, upande wa pili umezama hata hauonekani. Nikalegeza, nikaukalisha wembe sawa, nikakaza. Jumatatu akaenda kazini uso hauna alama. Wembe ni ule ule, mashine ni ile ile.

Malalamiko mengi ninayoletewa juu ya mashine hizi huishia hapo hapo: kichwa hakikukaa sawa, au mkono umekandamiza. Chuma chenyewe huwa kizima. Kwa hiyo kabla hujabadilisha wembe, hujanunua sabuni ya bei, wala hujagombana na muuzaji, nenda dirishani kwanza.

Kabla haijagusa uso

Mashine ya mtumba imepita kwenye ngozi usiyoijua. Mara nyingine unaikuta na wembe wa mwenyewe bado umo ndani, umeshikana na povu lililokauka zamani. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, kwa hiyo kufuta kwa kitambaa si kusafisha. Utoe wembe huo kwa kushika zile ncha zake fupi zisizo na makali, mkononi una kitambaa kinene. Ukigoma kwa kutu, loweka hadi ulegee. Usiuchokonoe kwa kisu.

Kisha sugua kwa mswaki wa zamani, sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, nywele za mswaki ziingie kila tundu na kila kona. Suuza. Baada ya hapo izamishe kwenye spiriti ya asilimia 70 kwa dakika kumi hivi, uiache ikauke yenyewe. Usigeuze mpangilio huo, maana spiriti haipenyi povu lililoganda. Jiki iache kwenye nguo, inakula nikeli na shaba. Na usiichemshe kwenye sufuria hata kama bibi alichemsha kila kitu: zenye mpini wa plastiki zitapinda, zenye rangi au vanishi zitabanduka.

Wembe weka mpya, na uwe wako peke yako. Mashine ikishasafishwa hivyo unaweza kuirithi kwa mtu, lakini wembe haurithiwi.

Wembe hauingii kabisa

Hapa tatizo huwa ni utambulisho. Wembe tunaouzoea madukani, ule mwembamba wa makali mawili wenye uwazi mrefu katikati, ni wa ukoo wa mashine ya King Camp Gillette, Mmarekani aliyepewa hataza, yaani haki ya ubunifu, tarehe 15 Novemba 1904. (King ni jina alilopewa na wazazi wake, hakuwahi kutawala popote.) Wazo lilikuwa lake, lakini fundi William Nickerson ndiye aliyehangaika mpaka chuma chembamba kiasi kile kikakubali kushika makali. Mwaka wa kwanza sokoni, 1903, waliuza mashine 51 tu. Tangu hapo vipimo vya wembe vimebadilika kidogo mno. Mashine ya miaka ya 1910, yenye skrubu moja na vijiti viwili chini ya kofia (kipande cha juu cha kichwa), inaupokea wembe wa leo bila ubishi, kwa sababu ule uwazi mrefu unavimeza vyote vitatu.

Basi kama wembe hauingii, yamkini mashine si ya ukoo huo. Kama kichwa kinafunguka upande mmoja tu, kama mdomo wa kiboko, na ndani kuna nafasi ya makali upande mmoja, tafuta jina GEM au Ever-Ready. Hizo hutumia wembe mnene wenye mgongo wa chuma. Kama kichwa ni chembamba na ubavuni kuna upenyo wa kusukumia wembe mdogo, hiyo ni Schick Injector. Na ukikuta kisanduku cha chuma chenye jiwe la kunolea upande mmoja na ngozi upande wa pili, umekutana na Rolls Razor ya Uingereza, ambayo ina wembe mmoja mnene unaonolewa humo humo. Hiyo ya mwisho ni nzuri kwa kuonyesha wageni. Kwa kunyolea, kama hujui kunoa, utajuta.

Nyembe za GEM na za Injector bado zinatengenezwa, ila kwenye kiosk cha mtaani huzikuti, lazima uagize. Kuna wanaovunja wembe wa makali mawili katikati wakaupachika kwenye GEM. Nusu ile haina mgongo wa kuishikilia, inakaa ikitetema, na kitu chenye makali kinachotetema shavuni hakihitaji maelezo zaidi.

"Imeandikwa 1904, basi ni ya 1904"

Hapana. Maandishi ya hataza ya Novemba 15, 1904 yaliendelea kugongwa kwenye mashine za Gillette kwa miaka mingi baada ya hapo. Ni tarehe ya haki ya ubunifu. Wauzaji wengi huisoma kama tarehe ya kuzaliwa, na bei hupanda hapo hapo.

Umri wa kweli, kwa zilizotengenezwa Marekani kuanzia 1951, utaupata chini ya kichwa. Igeuze mashine, tazama upande wa chini wa bamba la kichwa: kuna herufi moja na namba moja, kutoka 1 hadi 4. Herufi ni mwaka, namba ni robo ya mwaka. W ni 1951, X 1952, Y 1953, Z 1954, kisha zinarudi mwanzo: A ni 1955, B 1956, na kuendelea. Kwa hiyo E na 2 ni robo ya pili ya 1959. Zikijaa uchafu hazisomeki. Sugua kwanza, halafu piga tochi kwa upande ili kivuli kizitokeze. Iliyoandikwa "Made in England" usiisome kwa hesabu hii.

Bila herufi, umbo litakusaidia. Vipande vitatu vinavyoachana, yaani kofia, kisahani na mpini, na kisahani kina meno kama kitana: huenda ni ya kabla ya vita vya pili. Vipande vitatu lakini ukingo wa kisahani hauna meno: hiyo ni sura ya Tech ya Gillette, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1930 ikadumu kwa miongo. Milango miwili inayofunguka juu kama mbawa ukizungusha kirungu cha chini: jamaa za Super Speed, ambayo ilianza 1947. Ikiwa na milango na pia pete yenye namba 1 mpaka 9 chini ya kichwa, ni ya kurekebishwa ukali. Yenye mpini mnene na mfupi wakusanyaji wameipachika jina la Fatboy, ya 1958 hadi 1961. Yenye mpini mwembamba iliyoifuata ni Slim.

Ukiniuliza uchukue ipi kwa kuanzia, nitakwambia Tech. Haina mlango wa kugoma, haina namba za kukuchanganya, na ukingo wake unakusamehe makosa.

Milango haifunguki

Kwa mashine za milango huu ndio ugonjwa mkuu, na chanzo chake karibu siku zote ni kimoja: mabaki ya sabuni na chokaa ya maji yaliyojazana ndani ya mpini. Ukiishi penye maji ya kisima yenye chumvi utayakuta hata kwenye mashine uliyoisafisha mwaka jana. Mtu akiona kirungu hakizunguki huchukua koleo. Koleo huacha meno yake kwenye nikeli milele, na ukikaza zaidi unakata kijiti cha ndani, na hapo mashine imekufa kweli.

Iloweke kwenye glasi ya maji ya moto (ya kuvumilika mkononi, si ya kuchemka) yenye sabuni ya vyombo, nusu saa. Itoe, jaribu kuzungusha kwa mkono uliovaa glavu ya mpira. Kikisogea hata kidogo, rudi nyuma, kisha mbele, kisha nyuma. Rudisha kwenye maji mapya. Inaweza kuchukua siku mbili. Chokaa ikiwa nyeupe na ngumu, ongeza siki kijiko kimoja kwenye glasi ya maji kwa dakika tano tu, kisha suuza vizuri. Ikizidi, asidi inaanza kula pale nikeli ilipochubuka. Ikishazunguka na kukauka, dondoshea tone moja la mafuta ya cherehani chini ya kirungu na tone kwenye bawaba za milango. Mafuta ya kupikia usiweke. Yanakauka yanakuwa gundi, na utarudi ulikoanzia.

Kwa zenye namba, dalili ya ziada ni pete inayogoma, au inayozunguka bila ukali kubadilika. Iweke kwenye 1, itazame kwa ubavuni, kisha ipeleke 9: lazima uone nafasi kati ya wembe na ukingo ikipanuka. Isipopanuka, ndani kumeganda. Dawa ni ile ile ya kuloweka. Na mazoea mema: legeza kirungu nusu mzunguko kabla ya kugeuza namba, halafu ukaze. Kugeuza ikiwa imekazwa kunasaga vyuma vya ndani.

Inazunguka bila kukaza

Kwenye mashine za vipande vitatu, sogeza macho kwenye shingo ya mpini, pale unapopokea skrubu. Mipini ya zamani iliyo mitupu ndani hupasuka kwa urefu, ufa mwembamba kama unywele. Ukikaza, ufa unafunguka, uzi wa skrubu hauna cha kushika. Ufa huo hauzibwi kwa gundi. Badala yake tafuta mpini mwingine wa Gillette wa vipande vitatu. Kwa kawaida unaingiliana.

Mpini wa kampuni nyingine ni hadithi tofauti. Uzi wa Gillette nyingi za zamani ni wa kipimo cha skrubu cha Kimarekani kiitwacho 10-32. Wa mashine nyingi za sasa ni wa kipimo cha milimita kiitwacho M5. Hatua za nyuzi hizo mbili, yaani umbali toka mzingo mmoja hadi mwingine, zimekaribiana sana, karibu milimita 0.79 na 0.8, kwa hiyo mizunguko ya kwanza inaingia vizuri na unaamini umepata. Unene wake ndio hautoshani. Ukihisi ugumu, toka.

Mashine ya milango ikichezacheza ingawa umefika mwisho wa kirungu, tazama kama milango imejikunja au kama kuna uchafu chini ya wembe. Punje moja ya sabuni kavu inatosha kuuinua.

Inanyoa upande mmoja tu

Ugonjwa wa shemeji. Ikamate usawa wa jicho, mwanga uwe nyuma yake, utazame ncha ya kichwa. Makali ya kushoto na ya kulia yatokeze sawasawa, na yawe sambamba na ukingo toka mwanzo hadi mwisho.

Yakitofautiana, anza na ukazaji. Nyembe zina ulegevu mdogo kwenye vijiti vyake, na unapokaza mpini unazisukuma kidogo. Kwa vipande vitatu, igeuze kofia chali mezani, weka wembe, weka kisahani juu, shika ncha fupi za wembe kwa vidole viwili ukikandamiza kidogo, ndipo uzungushe mpini. Tazama tena. Mara tisa kati ya kumi inakuwa imekwisha.

Ikirudia vile vile, geuza wembe nyuma mbele. Kasoro ikihamia upande mwingine, wembe ndio mbaya, tupa. Kasoro ikibaki palepale, mashine ndiyo iliyopinda, na maana yake iliwahi kuanguka kwenye sakafu ya bafu. Kagua pembe nne za kisahani. Jino moja la kitana lililopinda unaweza kulirudisha polepole kwa koleo dogo lililofungwa kitambaa, mara moja, bila kulipeleka mbele na nyuma, kwa sababu shaba iliyozeeka hukatika. Kofia iliyopinda mimi huwa siigusi. Nimewahi kuinyoosha moja. Niliifanya mbaya zaidi, na sasa inashikilia karatasi mezani.

Inavuta nywele

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kilichokuponya. Anza na wembe, ni wa bei rahisi kuliko vyote. Wembe mmoja kwa ndevu ngumu ni kunyoa mara tatu mpaka tano hivi. Ukianza kuvuta, umekwisha. Nao usiufute kwa taulo, unauumiza makali.

Kisha maji. Ndevu kavu ni ngumu kama waya. Zikikaa na maji ya moto na povu dakika mbili tatu zinalainika. Nyoa baada ya kuoga. Povu likikauka usoni katikati ya kazi, ongeza maji.

Kisha pembe. Tuliozoea mashine za plastiki tunazishika mpini ukielekea chini, na kichwa chake kinajipinda chenyewe. Hii haijipindi. Weka kofia bapa shavuni, mpini ukiwa umelala kama fimbo ya kuchezea pool, halafu ushushe mpini polepole hadi usikie wembe unagusa nywele. Ni kama nyuzi 30. Ukishusha zaidi unakwangua. Ukiinua zaidi unateleza bila kukata.

Ndevu za wiki mbili zipunguze kwanza kwa mkasi au mashine ya umeme. Nafasi ya mashine hizi, hasa zisizo na meno, hujaa haraka.

Inakata, inachoma

Chuma kizito hakitaki kusaidiwa. Kishike mpini kwa ncha za vidole, karibu na mwisho wake, uzito wa kichwa wenyewe ufanye kazi. Anayekata kidevu na chini ya taya kila mara, mara nyingi anakandamiza pale ambapo mfupa unageuka. Punguza urefu wa kila mkupuo, uwe wa sentimita mbili.

Yenye namba, anza na 2 au 3. Nimeona mtu mpya kaiweka kwenye 9 kwa kudhani 9 ni "nguvu zaidi". Ni kweli ni zaidi, ila ni zaidi ya wembe ulio wazi mbele ya ngozi. Kama inachoma bila kukata, huenda umepita sehemu moja mara nne povu likiwa limekwisha. Baada ya maji baridi pitisha jiwe la shabu lililoloweshwa: mahali linapouma sana ndipo ulipokandamiza. Hakuna mwalimu bora wa mkono.

Vipele siku ya pili

Kwa sisi wenye ndevu za kipilipili jambo hili lina uzito wake. Unywele uliojikunja ukikatwa chini ya usawa wa ngozi unarudi ukiwa na ncha kali, unachoma ukuta wa kinyweleo au unajikunja na kuingia ngozini, na mwili unaupiga vita kama mwiba. Mashine yenye nyembe nyingi huvuta na kukata chini zaidi. Wembe mmoja wa zamani unaweza kukupunguzia taabu, lakini ukiutumia kutafuta ulaini wa shavu la mtoto utapata vipele vile vile.

Pitisha kiganja uso mzima ujue nywele zinalala wapi. Shingoni mara nyingi hugeuka zikaelekea pembeni. Nyoa kwa kufuata mlalo, pitio moja, ngozi usiivute. Kubali kibaki kivuli. Vipele vyenye usaha havinyolewi juu yake. Pumzisha uso wiki kadhaa, na visipopoa nenda kwa daktari wa ngozi.

Kutu, kijani, unga wa kijivu

Nyingi za Gillette ni shaba ya njano iliyopakwa nikeli, na shaba haipati kutu nyekundu. Wekundu unaouona umetoka kwenye wembe wa zamani, unasuguliwa na kutoka. Ukijani ni shaba iliyochubuka, nao husafishika. Cha kuogopa ni vishimo na unga wa kijivu: hiyo ni aloi ya zinki, na ngozi yake ikishapasuka inaendelea kuliwa ndani kwa ndani. Kujua kabla ya kulipa, chungulia ndani ya tundu la skrubu ambako rangi imekwanguka. Njano, chukua. Kijivu chenye vishimo, rudisha mezani.

Iliyopakwa dhahabu usiipitishie dawa ya meno, majivu wala waya wa sufuria. Dhahabu ile ni utando tu, na nimeona mtu akiing'arisha kwa bidii mpaka ikawa fedha.

Nyembe zilizokwisha

Usizitupe wazi kwenye pipa, anayezoa taka ana mikono. Chukua kopo la maziwa, toboa mfuniko upenyo mwembamba, ufunge mfuniko kwa gundi, uzidumbukize humo. Nyumba nyingi za Marekani zilizojengwa katikati ya karne iliyopita zilikuwa na upenyo kama huo nyuma ya kabati la bafuni, wembe ukitumbukia moja kwa moja ndani ya ukuta. Hakuna aliyepanga nani atazitoa. Mafundi wanaobomoa mabafu hayo leo hukuta rundo la nyembe zenye kutu limewasubiri kati ya mbao.